Kitasa Kilichougua Wiki Nane

Mwanamke ambaye kanisa zima lilimwita Mama Funguo hakuwa mrefu, lakini ulimsikia kabla hujamwona. Kiunoni alining'iniza pete ya chuma yenye funguo kumi na tisa, na akitembea ungedhani kuna mtu anakokota gunia la vijiko. Alikuwa mtunza kanisa: kufagia, kupiga deki, kupaka mabenchi nta, kubadilisha maji ya maua, kupika chai ya vikao. Kazi hiyo ilikuwa ya baba yake kabla yake, na baba aliifanya mpaka magoti yakagoma. Tulikuwa tukisema kwamba mchungaji ana neno la Mungu na wazee wa kanisa wana maamuzi, lakini milango anayo Mama Funguo, na mwenye mlango ndiye mwenye nyumba.

Ninayoyasimulia nayajua vizuri. Mengine niliyaona, mengine alinihadithia mwenyewe huku akisugua sakafu, na mengine niliyaandika kwa mkono wangu, maana nilikuwa katibu wa kamati nitakayoitaja.

Kanisa letu lilikuwa la mawe, paa moja, ibada mbili. Ya saa mbili asubuhi ilikuwa ya Wazungu. Ya saa nne ilikuwa yetu sisi Waafrika. Zamani ilikuwa sheria. Sheria ikafutwa, desturi ikabaki, kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado amekaa. Wao walipita mlango mkubwa wa mbele, wenye mabawa mawili na ngazi pana. Sisi tulipita mlango wa ubavuni, mwembamba, unaopinda palepale kwenye ngazi za mnara, kiasi kwamba mtu mnene alilazimika kubana tumbo kwanza ndipo amsifu Mungu. Hakuna aliyetukataza mlango mkubwa. Ila wao wakishatoka, saa tatu na nusu, Mama Funguo alitakiwa aufunge "vumbi lisiingie". Vumbi lenyewe lilikuwa sisi, ingawa hakuna aliyelitaja kwa jina.

Kati ya ibada hizo mbili palikuwa na nusu saa, na nusu saa hiyo ilikuwa mali ya Mama Funguo. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa mtu wa ibada zote. Alijua kwamba wa kwanza hulalamika kuwa wa pili wanaacha makombo ya watoto, na wa pili hulalamika kuwa wa kwanza wanaacha harufu ya manukato inayowapigisha chafya wakati wa sala. Alijua na mengine. Wazungu walisahau sana miavuli. Mvua ikinyesha, aliwaazima watu wetu, kisha Jumapili ya pili akairudisha kwenye benchi lile lile, imekauka, imekunjwa vizuri. Upo mwavuli mmoja wa mpini wa fedha uliohudhuria mazishi mawili na arusi moja ya kwetu, mwenyewe hana habari.

"Miavuli imekwisha kupatana," alikuwa akiniambia. "Wamebaki wenye miavuli."

Basi akaja mchungaji mpya. Alikuwa kijana, mwembamba, Mwafrika, amerudi kutoka chuoni na moyo wake unawaka. Hakuwa amemaliza hata kupanga vitabu vyake alipotangaza kwamba aibu ya paa moja na ibada mbili sasa basi. Akaunda Kamati ya Upatanisho: sita wao, sita sisi, kila Alhamisi saa kumi katika ukumbi mdogo nyuma ya madhabahu. Mimi nikapewa daftari.

Nisiwafiche: kamati ile ilikuwa na heshima nyingi kuliko faida. Wao walikaa upande wa dirisha, sisi upande wa kabati. Tulisalimiana, tuliombeana, tulishukuriana. Mwaka wa kwanza ukaisha tukibishana kama tuseme "upatanisho", "mapatano" au "maridhiano". Mwaka wa pili tukaunda kamati ndogo ya kuchunguza neno hilo, na kamati ndogo nayo ikaomba muda zaidi. Mama Funguo alikuwa anaingia na sinia, anamimina chai, anatoka, na kila akitoka zile funguo zilichekacheka.

Alhamisi moja, mzee mmoja wa Kizungu, ambaye tulimwita Bwana Saa kwa sababu alikuwa anapima mahubiri kwa saa yake ya mfukoni, alikohoa akasema, "Ndugu zangu, mimi naona tatizo letu ni moja tu. Hatukutani."

"Kweli kabisa," akajibu kiongozi wa kwaya yetu. "Hatukutani."

Wote wakatikisa vichwa. Mchungaji akamshukuru Bwana kwa kutufunulia jambo hilo. Tukafunga kwa sala. Kisha sita wakatoka kwa mlango mkubwa na sita kwa mlango wa ubavuni.

Mama Funguo alikuwa anakusanya vikombe. Akanitazama. "Katibu, umeliandika hilo?"

"Lipi, mama?"

"Kwamba hawakutani."

"Nimeliandika."

"Haya," akasema, akachukua sinia yake akaenda zake. Laiti ningeijua ile "haya" ilikuwa ya namna gani, ningemfuata.

Jumamosi yake akaufunga mlango mkubwa, akachomoa ule ufunguo mrefu kwenye pete, akauviringisha kwenye kitambaa, akautia ndani ya kopo la nta lililokwisha, akalipanga stoo katikati ya makopo mengine. Halafu akaenda kumwambia mchungaji, kwa uso wa msiba, kwamba kitasa kimekataa.

Mchungaji akasema aitwe fundi. Fundi wa vitasa aliyekuwa karibu alikuwa shemeji yake Mama Funguo, mdogo wa marehemu mumewe, mtu wa maneno mengi asiyekanyaga kanisani ila kwa kazi. Akaja na kisanduku chake, akapiga magoti, akachungulia tundu, akapuliza, akashikwa na mashaka. Kisha akamvuta Mama Funguo pembeni.

"Shemeji, hiki kitasa ni kizima kama jino la mbwa."

"Nani kakuuliza uzima wake?"

"Si nimeitwa kukitazama?"

"Umekwisha kukitazama. Sasa nenda ukamwambie mchungaji kina tatizo."

"Shemeji! Nidanganye kanisani?"

"Hudanganyi. Tatizo kinalo. Tatizo lake ni mimi."

Shemeji akafikiri. Alikuwa mtu wa kupenda kichekesho kuliko chakula. Akaenda kwa mchungaji, akajifuta mikono iliyokuwa safi, akasema kitasa kile ni cha kizamani sana, na chuma chake cha ndani kuagizwa kwake si jambo la leo wala kesho. Hapo alisema kweli tupu. Akaulizwa itachukua muda gani. Akatazama mbinguni, akasema, "Hapo ni Mungu tu, baba mchungaji."

Jumapili ya kwanza ilikuwa kioja. Ibada ya saa mbili ilipokwisha, Wazungu walijipanga kuelekea mlango wa ubavuni, na sisi tulikuwa tumekwisha kufika nje yake, maana mtu mwenye mlango mwembamba huzoea kuwahi. Wao wanatoka, sisi tunaingia, na nafasi yenyewe ni ya mtu mmoja na nusu.

"Tafadhali, piteni ninyi."

"Hapana, hapana, tangulieni ninyi."

"Sisi tutangoja."

"Hata sisi tunangoja."

Heshima ikatupotezea dakika kumi na tano, hakuna aliyepita. Mwishowe Bwana Saa, ambaye dakika zilimuuma kama meno, akajitosa. Upande wa pili naye akajitosa mwimbaji wetu wa sauti nzito, aliyeitwa Besi. Wote wawili walikuwa na matumbo ya kutosha. Wakakutana kwenye ile kona ya ngazi za mnara, wakakwama tumbo kwa tumbo, mmoja haendi, mwingine harudi.

Ukiwa umebanwa na mtu kiasi hicho, huwezi kujifanya hukumwona.

"Wewe si yule wa karakana ya reli?" akauliza Bwana Saa, akihema. "Upande wa tanuri?"

"Ndiye mimi. Na wewe si msimamizi uliyenifukuza kazi?"

"Nilikufukuza?"

"Mara mbili."

Bwana Saa akawaza. "Lakini mara ya pili si nilikurudisha?"

"Tanuri lilikushinda, ndiyo maana ulinirudisha."

Watu waliokuwa nyuma yao wakaanza kucheka, kwanza wa kwetu, kisha wa kwao. Mama Funguo akaja na dekio lake, akamsukuma Besi kidogo kwa mpini, na mzibo ukazibuka. Ibada yetu ilichelewa nusu saa. Bwana Saa alibaki nje uani, akijadiliana na Besi kuhusu lile tanuri, na alisahau kutazama saa.

Jumapili ya pili ilinyesha. Sisi tuliolowa hatukuweza kungoja nje, tukaingia tukakaa mabenchi ya nyuma, mahubiri ya wenzetu bado yanaendelea. Tukagundua kwamba mchungaji hutuhubiria sisi yale yale anayowahubiria wao, ila sisi hutuongezea dakika ishirini. Wao nao walipomaliza, mvua ilikuwa haijakatika, wakabaki wamekaa, wakasikiliza ya kwetu. Mama mmoja wa Kizungu akapewa kumshika mtoto mchanga ili mama mtu avue koti lililolowa, na mtoto akamlalia. Ibada nzima akabaki amekaa wima kama mshumaa, akiogopa kumwamsha.

Si kwamba mambo yote yalikuwa matamu. Jumapili ya tatu palizuka ugomvi wa kukanyagana miguu, na maneno yaliyotoka hayakuwa ya zaburi. Mzungu mmoja alisema "watu hawa" mbele ya watu wenyewe. Kijana wetu mmoja akamjibu kwa jambo linalohusu kaburi la babu yake. Mchungaji alikuwa katikati, mikono juu, kama mtu anayezuia ng'ombe. Lakini hata ugomvi huo ulikuwa wa kwanza kwa miaka mingi. Kabla ya hapo hatukuwahi hata kugombana.

Sasa niwaambie kuhusu Mama Kinanda. Huyu alikuwa mjane wa Kizungu, mwembamba, mgongo umenyooka, mpiga kinanda wa ibada ya kwanza. Alizaliwa nyumba ya tatu kutoka kanisani na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha mchungaji, ila alikitumia kwa uchache, kama mtu anayetunza sukari. Ibada yake ikiisha alifunika kinanda, akakifunga, ufunguo akautia mkobani. Huo ulikuwa ufunguo pekee wa kanisa ambao Mama Funguo hakuwa nao, na jambo hilo lilimkera kama jiwe ndani ya kiatu. Sisi tuliimba bila kinanda, kwa ngoma na makofi. Tulikuwa tumezoea, na ukituuliza tungesema ndivyo tunavyopenda.

Jumapili ya tano, mlango umejaa watu, Mama Kinanda akashindwa kutoka. Akarudi akakaa kwenye stuli yake, mkoba magotini, akangoja. Kwaya yetu ikaanza. Nilimwona mguu wake unapiga sakafu. Ubeti wa pili akafumba macho kama anayeumwa jino. Ubeti wa tatu akasimama.

"Mnashuka!" akapaza sauti. "Kila ubeti mnashuka! Mkifika wa sita mtakuwa kuzimu!"

Kwaya ikakatika. Kiongozi wa kwaya akageuka polepole. "Basi, mama, tushikilie."

Mama Kinanda akatazama mkoba wake, akatazama mlango, akakuta hakuna pa kukimbilia. Akafungua kinanda. Walianza tena, yeye anavuta juu, ngoma inavuta mbele, na kwa beti mbili hivi ilikuwa kama punda wawili kwenye mkokoteni mmoja kila mmoja na njia yake. Ubeti wa tatu wakakutana. Sina maneno ya kueleza sauti ile. Naweza kusema tu kwamba Besi, ambaye hakulia alipofukuzwa kazi mara mbili, alitoa leso.

Mama Funguo alikuwa mlangoni na ndoo yake. Hakuonekana kufurahi kama nilivyotarajia. Uso wake ulikuwa umefunga, na akatoka nje kabla wimbo haujaisha. Sababu yake niliijua baadaye.

Jumatano ya wiki ya nane, mchana, Mama Kinanda alikuja kufanya mazoezi. Akaona kanyagio za kinanda zimepauka, akaenda stoo mwenyewe kutafuta nta. Kopo la kwanza tupu. La pili tupu. La tatu likalia.

Mama Funguo alipoingia na ndoo alimkuta amesimama, ufunguo mrefu mkononi, kitambaa kimeanguka chini.

"Mama Funguo," akasema Mama Kinanda, "njia ya mwongo ni fupi."

"Fupi? Mama, nimetembea wiki nane!"

"Usinichekeshe. Wiki nane umetudanganya ndani ya nyumba ya Mungu. Mimi nina goti bovu, nimebanwa pale mlangoni kama nguo kwenye sanduku. Na huo mlango si wako."

Mama Funguo akaweka ndoo chini. Aliniambia kwamba alikuwa tayari kucheka, kuomba radhi, kumpa kiti, yaishe. Lakini lile neno, kwamba mlango si wako, lilimgusa mahali ambapo mzaha haukufika.

"Ndiyo, si wangu," akasema. "Wala haukuwa wa baba yangu. Baba aliung'arisha mlango ule miaka arobaini. Alipokufa tulimleta hapa, mwili wake kwenye jeneza. Tukaomba aingizwe kwa mlango mkubwa, kwa sababu ule wa ubavuni una kona, jeneza halipiti. Mzee mkuu wa kanisa alisimama pale juu ya ngazi na ufunguo huo ulioushika. Akasema sheria ni sheria. Unamkumbuka alikuwa nani?"

Mama Kinanda akaugeuza ufunguo mkononi.

"Ilibidi tulisimamishe jeneza wima ndipo lipite kwenye kona. Tulimsikia baba anateleza ndani. Aliingia kanisani amesimama, kama mtu aliyechelewa ibada. Tangu siku hiyo nikaapa. Unadhani niliomba kazi hii kwa kupenda dekio? Nilitaka ufunguo ule ulale nyumbani kwangu."

Mama Kinanda akakaa juu ya debe lililokuwa hapo. "Mzee huyo alikuwa baba yangu," akasema.

"Najua alikuwa baba yako."

"Alikuwa mtu wa wakati wake. Kila mtu..."

"Mama, ukinipa sababu hiyo, kanywe chai yako kwingine."

Nje mtu alikuwa anapita na baiskeli inayolia mnyororo. Kisha Mama Kinanda akasema kwa sauti ambayo Mama Funguo hakuwahi kuisikia kwake, "Nilikuwa kwenye kinanda siku ile. Niliwaona kupitia kile kioo kidogo kilichowekwa juu ya kinanda kunionyesha nyuma. Baba aliniambia, piga kwa nguvu, kelele zao zisiingie. Nikapiga kwa nguvu. Nilipiga kwa nguvu mno hata vidole viliniuma siku mbili. Sijamwambia mtu."

Mama Funguo aliniambia mwenyewe yaliyompata hapo. Ile sauti ya kinanda aliikumbuka. Miaka yote alidhani walikuwa wamepigiwa kwa heshima ya marehemu, na lilikuwa ndilo jambo jema pekee alilolihifadhi kutoka siku ile. Ndiyo maana Jumapili ya tano, kinanda kilipolia tena kwa ajili ya watu wetu, hakuweza kukaa. Na sasa hata hilo limekwenda.

Mama Kinanda alikuwa analia bila kujifuta. "Nisamehe."

"Nakusikia," akasema Mama Funguo.

"Ndiyo kusema umenisamehe?"

"Nimesema nakusikia. Ya leo ni hayo. Inuka kwenye debe hilo, lina rangi mbichi."

Na kweli lilikuwa na rangi mbichi. Sketi ya Mama Kinanda ilikuwa imepata duara la kijani nyuma, na ilibidi Mama Funguo amfute kwa mafuta ya taa, mmoja anainama, mwingine anasugua, wote wawili macho mekundu. Ikawa vigumu kudumisha uadui katika hali ile.

Kesho yake ilikuwa Alhamisi. Kabla mchungaji hajafungua kwa sala, Mama Funguo aliingia bila sinia, akaweka ufunguo mrefu juu ya meza, katikati, kati ya dirisha na kabati. Akasema kitasa hakikuwa na ugonjwa wowote, mgonjwa alikuwa yeye, naye anaungama. Kalamu ilinianguka. Mmoja wa wajumbe wa dirishani akapiga meza, akasema huu ni udanganyifu wa kupangwa, mtu kama huyu afukuzwe leo hii.

"Ngoja," akasema Mama Kinanda. Hakuwa mjumbe, aliingia nyuma ya mwenzake na hakuna aliyemwona. "Kabla hamjamfukuza, sikilizeni nami nimefunga nini."

Akaeleza. Alieleza yote, jina la baba yake, ngazi, kinanda, vidole. Hakumtetea baba wala hakujitetea. Alipomaliza, wajumbe wawili wa dirishani walisimama wakatoka, na familia ya mmoja wao haikurudi kanisani kwetu tena. Upande wa kabati napo hapakuwa na malaika. Kiongozi wa kwaya yetu alisema, maneno matupu baada ya miaka ishirini na minane, nani hawezi? Mama Funguo akamwambia anyamaze, kwani marehemu hakuwa baba yake.

Bwana Saa ndiye aliyetuvusha. Alivua miwani, akasema, "Kwa miaka miwili tumetafuta neno. Kumbe hatukuwa na tatizo la neno. Tulikuwa na jambo, na hatukulisema." Kisha akaniangalia. "Katibu, andika hilo, na lile la kwangu la kwamba hatukutani lifute. Lilikuwa la kijinga."

Sikulifuta. Liko mpaka leo.

Wazee wa kanisa walikaa wakaamua kwamba uongo ni uongo hata ukizaa matunda. Mama Funguo akatengwa na meza ya Bwana kwa mwezi mmoja. Alikubali bila kinyongo, ila alihoji kama kutengwa kunahusu pia kuosha vikombe vya meza hiyo. Akaambiwa hapana, vikombe aendelee kuosha. "Nilijua tu," akasema. Shemeji naye akaja kwa mchungaji kudai adhabu yake, kwa kuwa walishirikiana. Mchungaji akamweleza kwamba kanisa haliwezi kumtenga mtu ambaye hajawahi kujiunga. Shemeji akaudhika sana. Akajiunga. Bado anasubiri kutengwa.

Milango yote miwili ikafunguliwa Jumapili iliyofuata na ikabaki wazi. Ibada hazikuwa moja mara moja. Tulianza na Jumapili moja kila mwezi, saa tatu, na manung'uniko yalikuwa ya haki sawa: wao walisema ni ndefu, sisi tulisema ni mapema. Baadaye zikawa Jumapili mbili. Mchungaji alijifunza kuhubiri kwa kipimo cha kati, na hakuna aliyeridhika, jambo ambalo Mama Funguo alisema ndiyo dalili ya kwanza ya udugu.

Kuhusu msamaha, Mama Kinanda hakuuliza tena. Alikuja Jumatano zake, alipiga kinanda chake, na Mama Funguo alisugua sakafu yake. Walikuwa wakibishana kuhusu mwendo wa nyimbo, sauti za juu mpaka barabarani. Mwaka ukapita hivyo.

Kisha lile goti la Mama Kinanda likavimba na daktari akamkataza ngazi. Wiki ya pili Mama Funguo akaenda kumjulia hali, nyumba ile ya tatu kutoka kanisani. Alipiga hodi mlango wa mbele. Alifunguliwa na mwenyewe, akichechemea kwa fimbo. Sebule ilikuwa ndogo kuliko alivyoifikiria miaka yote hiyo, mapazia yamefifia, picha ukutani zimepinda, na viti viwili tu vizuri. Mama Kinanda akakaa kwenye kimoja. Mama Funguo akaelekea cha pili.

"Samahani," akasema Mama Kinanda. "Hicho hapana. Hicho ni cha paka."

Paka alikuwepo, mnene, mweupe, amejikunja. Alifumbua jicho moja, akamtazama mgeni, akalifumba.

"Yaani," akasema Mama Funguo polepole, "nimengoja umri wangu wote kukaribishwa sebuleni kwenu, na nimekuta nafasi yangu amepewa paka?"

Mama Kinanda akafungua mdomo, uso ukamwiva kwa aibu. Ndipo Mama Funguo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mwenzake naye akashikwa, fimbo ikamwanguka. Walipotulia, Mama Funguo akavuta kigoda cha miguu, akakikalia, akafuta machozi kwa kanga.

"Sikiliza," akasema. "Wewe nimekusamehe. Nilikuwa sijui lini, kumbe ni leo. Paka bado."

Mama Kinanda akamshika mkono, na Mama Funguo akamwachia mkono muda mrefu kidogo kuliko alivyokusudia. Halafu akamuuliza nani atapiga kinanda Jumapili, na wakaanza kubishana.